Shotigani au Raifo kwa Koyoti wa Karibu: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Texas

Kila msimu mbuzi wanapozaa napokea ujumbe uleule, majina tu ndiyo hubadilika. "Kaka, amekuja mpaka hatua ishirini, nikafyatua, akageuka akaenda zake." Wanaoniandikia ni Waswahili wenzangu wa huku Texas, watu waliokodi au kununua ekari chache nje ya Fort Worth, Abilene au Houston, wakaweka mbuzi, kisha koyoti akajileta.

Nikiuliza mtu alitumia bunduki gani, hupata jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza alikuwa na raifo, bunduki inayorusha risasi moja moja, darubini ameikuza mpaka mwisho, na koyoti akachomoza kichakani karibu na magoti yake. Wa pili alikuwa na shotigani nzuri, ile inayotawanya vipira vingi kwa mlio mmoja, ila koyoti alisimama mbali, hatua sabini hivi, naye akasema moyoni, "huyu simwachi". Wote wawili walikosa, au vibaya zaidi, walimjeruhi mnyama akaenda kufia kusikojulikana. Mimi nimeshawahi kuwa wa kwanza na nimeshawahi kuwa wa pili, tena ndani ya mwezi mmoja.

Kwa asiyemjua, koyoti ni ndugu wa bweha wetu, ila ni mkubwa zaidi. Wengi wa Texas waliokomaa huwa na kilo 11 hadi 18. Manyoya yake hudanganya macho: ukimchuna utashangaa kwamba sehemu ya moyo na mapafu haizidi sana upana wa kiganja kilichokunjuliwa, sentimita 12 hivi. Hapo ndipo pa kulenga. Kwingine kote ni manyoya, tumbo na mateso ya mnyama.

Ninaposema "karibu" nina maana ya chini ya mita 50. Maboksi ya risasi huku yameandikwa kwa yadi. Yadi moja ni sentimita 91, kwa hiyo yadi 40 ni kama mita 37.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipima umbali cha leza. Kama fedha hakuna, kamba ya mita 10 yenye mafundo na vigingi vya rangi.
- Karatasi kubwa za kulengea, angalau sentimita 90 kwa 90, makumi mawili. Karatasi ya kufungia nyama buchani inafaa sana.
- Kalamu nene na sahani ya kuchorea duara la sentimita 25.
- Vizuia sauti vya masikio na miwani ya kinga. Mlio wa bunduki yoyote kati ya hizi unaharibu usikivu, na usikivu ukishapotea haurudi.
- Filimbi ya kuita yenye sauti ya sungura aliyekamatwa, au spika ya kuitia yenye rimoti.
- Fimbo za kuegemezea mtutu, hasa kwa raifo.
- Glovu za mpira. Koyoti anaweza kuwa na kichaa cha mbwa.
- Bunduki yenyewe, ambayo nakuomba usiinunue mpaka umalize hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Hakikisha sheria iko upande wako

Hii wengi huiruka kwa sababu "Texas bunduki ni kama jembe". Kwa raia, karibu ni kweli. Kwa mgeni, soma vizuri.

Mwenye makazi ya kudumu, yaani Green Card, anaruhusiwa na sheria ya nchi kumiliki bunduki. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe ndani ya vighairi vilivyotajwa, na kinachotumika zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na hati kabisa haruhusiwi, na kosa hilo ni la jinai la shirikisho. Usiazime bunduki ya jirani ukidhani kuazima si kumiliki; kuwa nayo mkononi kunatosha.

Dukani utajaza fomu 4473 na jina lako litachunguzwa. Andika ukweli mtupu. Uongo kwenye fomu hiyo ni kosa lingine linalojitegemea.

Kwa upande wa jimbo, koyoti wa Texas hana msimu wala kikomo cha idadi, na kwenye ardhi ya mtu binafsi anawindwa mchana au usiku kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Leseni ya uwindaji inahitajika, isipokuwa kwa koyoti anayeshambulia mifugo, anayekaribia kushambulia au aliyeshambulia karibuni. Ushauri wangu ni kuikata hata hivyo. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye lazima pia awe amepita mafunzo ya uwindaji.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo linagusa moja kwa moja uchaguzi wetu: sheria yenyewe haizipimi bunduki hizi mbili kwa mizani moja. Katika maeneo ya pembezoni mwa miji ya Texas na yale yaliyounganishwa na mji baada ya Septemba 1, 1981, mji hauwezi kukuzuia kufyatua shotigani kama uko kwenye kipande cha ekari 10 au zaidi na umbali wa zaidi ya futi 150 kutoka nyumba ya mtu kwenye ardhi nyingine. Kwa raifo, kipande kiwe ekari 50 au zaidi na umbali uzidi futi 300. Nje ya miji nako, kaunti inaweza kupiga marufuku ufyatuaji kwenye viwanja vya ekari 10 au pungufu vilivyokatwa kwa ajili ya makazi. Piga simu ofisi ya kaunti, eleza mahali ulipo, andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Hatari: kufyatua ukiwa barabarani au kando yake, au kuacha risasi ivuke mpaka wa ardhi yako, ni kosa hata kama koyoti amebeba mwanambuzi mdomoni.

Umefaulu ukiwa na: leseni mfukoni, jibu la kaunti, na ruhusa ya maandishi kama ardhi si yako.

Msomaji wa jimbo lingine achukue mwongozo huu kuanzia hatua ya 2, na ya 1 aiulizie upya kwao.

## Hatua ya 2: Pima ardhi, si bunduki

Hapa ndipo kosa huanzia. Mtu hununua bunduki kwa kusikia sifa zake, kisha anaipeleka kwenye ardhi isiyoitaka.

Nenda pale utakapokaa kuwinda. Kaa chini kabisa, kwa sababu jicho la aliyekaa haliyaoni yale yaonwayo na aliyesimama. Geuka polepole pande zote. Kila mahali koyoti anapoweza kuchomoza, iwe ukingo wa kichaka, mfereji mkavu au pengo la seng'enge, pima umbali na uandike.

Utapata orodha kama hii niliyoiandika kwenye shamba nililokodi mwanzo: mskiti wa kaskazini mita 18, mfereji mita 27, pengo la uzio mita 34, kichaka cha mashariki mita 22, uwanda wa magharibi mita 140. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mskiti huu ni mti wa miiba, ndugu wa ule uliovamia Baringo kule Kenya na kuitwa mathenge. Pale majani yake yalipofungana, koyoti humwoni mpaka ameshafika.

Sasa hesabu. Kati ya njia tano, nne ziko chini ya mita 40. Ardhi ile ilikuwa inaomba shotigani, na mimi nilikuwa nimeketi pale na raifo ya kulengea wanyama wa uwanda.

Pima jambo la pili pia: nyuma ya kila njia kuna nini? Risasi ya raifo ya .223 (namba hii ni kipenyo cha risasi kwa inchi) ikirushwa juu inaweza kusafiri kilomita 3 hivi. Marisau, yaani vile vipira vya ndani ya katriji ya shotigani, huchoka mapema. Kanuni ya zamani ya wawindaji husema zidisha kipenyo cha risau kwa inchi mara 2200, utapata yadi za mwisho linakoweza kufika: risau la saizi iitwayo BB, la inchi .18, hufika yadi 400 hivi, na la saizi 00, la inchi .33, yadi 700 na ushei. Nyumba ya jirani ikiwa mita 600 nyuma ya kichaka na ardhi ni tambarare, raifo imeshajitoa yenyewe kwenye upande huo.

Umefaulu ukiwa na: mchoro wa mkono wenye umbali wa kila njia na alama ya msalaba kwenye kila upande usiofyatulika.

## Hatua ya 3: Chagua

Sasa uamuzi unakuwa mwepesi. Mimi hutumia mistari hii:

- Njia nyingi ziko chini ya mita 35 na koyoti huja akitembea au akikimbia: shotigani.
- Njia nyingi ziko zaidi ya mita 40, na nyuma kuna kilima au udongo wa kuzuia risasi: raifo.
- Mchanganyiko, na una raifo tayari: usinunue kitu. Ishushe darubini yake kama nitakavyoeleza hatua ya 6, na ujifunze kuacha wale wanaokuja kwa mbio.
- Mchanganyiko, huna bunduki yoyote, na majirani wako karibu: shotigani, kisha chagua mahali pa kukaa panapoleta koyoti karibu.

Sababu ya shotigani kushinda karibu ni nafasi ya makosa. Mtutu wenye kibano cha wastani (nitakieleza hatua ya 4) hutawanya marisau yakafunika eneo lenye upana wa nusu mita au zaidi ifikapo mita 25. Mnyama akisogea kidogo unapofyatua, bado yumo. Raifo hurusha risasi moja tu yenye unene wa milimita 5.7. Ikipita sentimita 15 pembeni ni kama hukufyatua.

Sababu ya shotigani kushindwa mbali ni hiyohiyo. Marisau yakishatawanyika, mashimo kati yake yanamtosha koyoti kupita akiwa na majeraha mawili ya kumuua baada ya siku tatu. Mita 40 kwangu ni ukuta. Wapo wanaotumia marisau ya tangsteni, ambayo ni mazito kuliko ya kawaida ya madini ya risasi na hufika mbali zaidi, na wanasema wanaua mita 55. Siwabishii. Ila katriji zao ni ghali kiasi kwamba hawafanyi mazoezi nazo, na asiyefanya mazoezi abaki kwenye mita 40 pamoja nami.

Wawili mkiwinda pamoja, mmoja abebe shotigani na mwingine raifo, kila mmoja na pembe yake ya kufyatulia iliyokubaliwa kwa mdomo kabla ya kukaa. "Wewe kuanzia mti ule kwenda kulia, mimi kushoto." Koyoti akivuka mstari ni wa mwenzako, hata kama unamwona vizuri zaidi.

## Hatua ya 4: Ukichagua shotigani, nunua katriji sahihi

Geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana) yenye chemba, yaani tundu la kuwekea katriji, ya inchi 3 inatosha. Ya kusukuma kwa mkono ni nafuu na haisumbui; ya kujipakia yenyewe hupunguza teke begani. Geji 20 nayo inaua, ila mpunguzie masafa: isizidi mita 25.

Kosa la dukani ni moja, nalo limewaponza wengi. Kuna "4 Buck" na kuna "4" tupu. Ya kwanza ina vipira vya milimita 6.1, na katriji ya inchi 3 hubeba 41. Ya pili ni ya ndege, vipira vya milimita 3.3, na kwa koyoti wa mita 30 hiyo ni kumwagia mchanga. Soma boksi lote, usisome namba peke yake.

Machaguo yangu kwa mpangilio:

1. 4 Buck ya inchi 3. Vipira vingi, vizito vya kutosha kuvunja mfupa. Ndiyo ninayoitumia.
2. BB ya risasi iliyopakwa nikeli, milimita 4.6. Hujaza karatasi vizuri sana ndani ya mita 30.
3. 00 Buck, milimita 8.4. Kila mtu anaisifia kwa sababu ya filamu, lakini katriji ya kawaida ya inchi 2¾ ina vipira 9 tu. Mita 35, vipira 9, kifua cha sentimita 12: piga hesabu mwenyewe.

Mdomoni mwa mtutu kuna choki, kile kibano cha kuskurubu kinachobana marisau yasitawanyike mapema. Kipimo cha kawaida huhesabiwa kwenye yadi 40, ndani ya duara la inchi 30: choki iliyobana kabisa huacha asilimia 70 hivi ya marisau ndani ya duara, ya kati 60, ya wazi zaidi 50, na mtutu usiobanwa 40. Anza na ya kati. Marisau makubwa wakati mwingine hugongana ndani ya choki iliyobana sana yakatoka vibaya kuliko ya kati, jambo utakaloliona mwenyewe kwenye karatasi.

Hatari ya kwanza: marisau ya chuma makubwa kuliko BB usiyapitishe kwenye choki iliyobana. Unaweza kuharibu mtutu.

Hatari ya pili, nayo ni ya kufa: usichanganye katriji za geji 20 na 12 mfukoni. Ya 20 ikiingia kwenye mtutu wa 12 huteleza ikakwama mbele ya chemba. Wewe unadhani hamna kitu, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana katriji za geji 20 hutengenezwa za manjano. Kama nyumba ina geji zote mbili, kila moja iwe na mkoba wake.

## Hatua ya 5: Piga karatasi kabla ya kupiga koyoti

Hatua hii ikirukwa, zote zilizotangulia ni bure. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja, yenye choki moja na katriji moja, inaweza kutoa picha tofauti kabisa.

Tundika karatasi kubwa. Chora duara la sentimita 25 katikati. Simama mita 20, egemeza bunduki, lenga katikati, fyatua mara moja. Badilisha karatasi. Rudia mita 30, kisha mita 40. Fyatua karatasi tatu kwa kila umbali, maana moja inaweza kukudanganya.

Hesabu matundu ndani ya duara. Kipimo changu ni matundu 6 au zaidi kwenye karatasi zote tatu. Mahali hesabu inaposhuka chini ya 6, hapo ndipo mwisho wa bunduki yako, hata kama boksi limeandika maajabu. Ya kwangu, kwa 4 Buck na choki ya kati, iliishia mita 32. Nilibadilisha choki moja tu ikafika 38.

Angalia pia katikati ya mtawanyiko. Ukiona marisau mengi yako juu au kushoto, tatizo linaweza kuwa namna unavyoweka shavu kwenye kitako. Shotigani yenye shanga moja tu mdomoni haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma. Shavu likipanda, marisau yanapanda. Ukishindwa kulituliza, funga kilengeo cha nukta nyekundu, hakuna aibu.

Umefaulu ukiwa na: namba moja, kwa mfano 35, iliyoandikwa kwa kalamu kwenye mkanda wa bunduki.

## Hatua ya 6: Ukichagua raifo, ifundishe kuona karibu

.223 inatosha kabisa. Risasi yenye uzito wa greni 55 hutoka mtutuni kwa karibu mita 990 kwa sekunde, ina teke dogo, na inapatikana kila duka. .22-250 na .243 ni nzuri lakini kwa mita 30 ni nguvu ya ziada isiyo na kazi. .22 ndogo ya kupigia sungura iache kabatini.

Chagua risasi yenye ncha laini au ya plastiki inayopasuka ndani ya mnyama. Ile iliyofunikwa shaba yote hupita moja kwa moja, huacha tundu dogo, na ikigonga jiwe huruka kusikotarajiwa. Na kama una bunduki ya .300 Blackout nyumbani, tenga risasi zake mbali kabisa na za .223. Zinaweza kuingia kwenye chemba ya .223, na zikifyatuliwa humo bunduki hulipuka.

Sasa darubini. Ikiwa ni ya mara 3 hadi 9, ukiiacha kwenye 9 na koyoti akawa mita 20, unachokiona ni duara lenye upana wa sentimita 80 hivi, ambao ni urefu wa mwili wake bila mkia. Utaona manyoya ya kijivu yakijaza kioo bila kujua kama ni bega au paja. Kwenye 3, duara hilo linakuwa zaidi ya mita 2, na unamwona mnyama mzima akiwa na nafasi pembeni. Kwa hiyo darubini ikae chini kabisa muda wote. Koyoti wa mbali atakupa nafasi ya kuikuza. Wa karibu hatakupa nafasi ya kuishusha. Anayenunua mpya achukue inayoanzia mara 1.

Jambo la pili ndilo lililowakosesha watu wengi ninaowajua. Darubini iko juu ya mtutu. Ukiwa umeisawazisha kwa mita 100, yaani risasi ipige pale unapolenga kwenye mita 100, basi kwa karibu risasi haijapanda bado kufikia mstari wa jicho. Kwa raifo ya kawaida yenye darubini sentimita 3.8 juu ya mtutu, mita 10 risasi hupiga karibu sentimita 3 chini ya ulipolenga, mita 25 karibu 2. Kwa zile za mtindo wa AR, zinazofanana na bunduki za kijeshi, darubini ikiwa sentimita 6.5 juu, mita 10 unapiga sentimita 5 chini na mita 25 karibu 4. Kumbuka kifua ni sentimita 12, yaani 6 kutoka katikati. Ukilenga chini kidogo kwa mazoea, umekata manyoya ya tumbo.

Dawa ni karatasi tena. Sawazisha mita 100, kisha piga risasi tatu tatu kwenye mita 10, 25 na 50, na uandike ziliposhukia.

Umefaulu ukiwa: unaweza kutia risasi tatu mfululizo ndani ya duara la sentimita 8 kwenye mita 25, umekaa chini, ndani ya sekunde 10.

## Hatua ya 7: Kaa mahali upepo unapokusaidia

Koyoti akisikia sungura analia hapendi kuja moja kwa moja. Huzunguka ili upepo umletee harufu ya kinacholia. Mpango wote wa kumvuta karibu umejengwa juu ya tabia hiyo.

Fika kimya, gari liache mbali. Tuseme upepo unakupiga shavu la kushoto. Weka spika mbele yako upande wa kushoto, mita 25 hadi 30. Koyoti atazungukia kulia kwa spika, yaani mbele yako, na atapita kabla hajafika kulia kwako ambako harufu yako inapeperukia. Mwenye shotigani achague mahali ambapo njia hiyo ya kuzungukia iko ndani ya namba yake ya mkandani.

Egemea kichaka kipana kuliko mabega, jua likiwa mgongoni. Anayetumia mkono wa kulia ageuze mwili ili bega la kushoto lielekee anakotarajia mnyama, kwa sababu kusogeza mtutu kushoto ni rahisi na kulia ni kujikunja. Chomeka kigingi au chagua jiwe pale mwisho wa masafa yako. Aliye ng'ambo ya jiwe hayupo.

Anza na sauti ndogo. Huenda yuko mita 80 na ukipiga kelele utamkimbiza. Ongeza baada ya dakika 5. Dakika 20 zikipita bila kitu, ondoka. Mwanzo winda alfajiri, usiku uache mpaka ujue kutofautisha macho ya koyoti na ya ndama.

## Hatua ya 8: Kufyatua

Kwanza mjue ni nani. Mbwa wa kulinda mbuzi wa jirani huitikia sauti ya sungura kama koyoti. Koyoti hukimbia mkia ukiwa chini. Mbwa wengi huuinua. Huna hakika? Acha. Mbwa wa Mmarekani ni kesi, na ujirani hauponi.

Ukiwa na shotigani, usimsimamishe. Mwache aje mpaka ndani ya jiwe, inua bunduki kwa mwendo mmoja kichwa chake kinapopita nyuma ya kichaka, lenga maungio ya shingo na bega. Akikatiza mbele yako mita 25 kwa mwendo wa mguu, lenga ncha ya pua. Akiwa mbio kamili, mtangulize urefu wa mwili wake mzima, na mtutu uendelee kwenda hata baada ya kufyatua. Wengi husimamisha mtutu, na marisau hufika mahali koyoti alipokuwa.

Ukiwa na raifo, msimamishe. Toa mlio mfupi wa kubweka kwa mdomo, "wuf". Mara nyingi atasimama sekunde mbili kuangalia. Lenga nyuma kidogo ya bega akiwa ubavu, au chini ya koo akiwa amekuelekea. Asiposimama, mwachie.

Hatari: vidole vibaki nje ya kifyatuo mpaka umeona mnyama na kilichoko nyuma yake. Mbuzi wako wenyewe wanaweza kuwa nyuma ya kichaka hicho.

## Hatua ya 9: Baada ya mlio

Pakia tena papo hapo na usisimame. Mara nyingi huja wawili, na wa pili huganda sekunde chache akisikiliza. Acha spika iendelee dakika 5.

Kisha mwendee wa kwanza kutoka upande wa mgongo, bunduki ikiwa tayari, umguse jicho kwa fimbo. Akipepesa, mmalize. Vaa glovu kabla ya kumshika, na mzoga uufukie, maana vipande vya risasi ndani yake ni sumu kwa ndege wanaokula nyamafu.

Kama amekimbia na damu, subiri dakika 10 na mfuate. Usiseme "atakufa tu". Ukimpata, mpasue uone marisau yaliingia wapi na mangapi. Matatu tumboni na moja pajani maana yake alikuwa mbali kuliko ulivyodhani; rudi na kipima umbali ulikoketi, pima mpaka kwenye tone la kwanza la damu, na uandike namba hiyo kando ya ile ya mkandani.